Bei ya Tangi Si Gharama ya Maji: Kupanga, Kukadiria na Kufuatilia Mradi Mdogo wa Ununuzi

Kila likizo ndefu inapokaribia, vyama vya wanachuo wanaotoka mkoa au wilaya moja huanza kuchangishana. Bumu likitoka, huyu anatoa buku tano, yule elfu kumi, na jioni grupu la WhatsApp linajaa mapendekezo: tuwapelekee madawati, tuwanunulie vitabu, tuwawekee tangi la maji. Nia ni njema kabisa. Baada ya mwaka mmoja ukipita kwenye shule ile ile unakuta tangi lipo, limesimama vizuri juu ya msingi wake, limeandikwa jina la chama kwa rangi ya bluu, na halijawahi kuingia hata ndoo moja ya maji. Gata hazikununuliwa. Fedha ziliishia kwenye tangi.

Makala haya ni somo la namna ya kuepuka jambo hilo. Tutachukua mradi mmoja mdogo wa ununuzi na kuupeleka hatua kwa hatua: hitaji, ruhusa, orodha, bajeti, kalenda, ununuzi wenyewe na ufuatiliaji. Mfano wetu ni chama cha wanachuo wanaotoka Kasulu na Kibondo, wenye sh. 4,000,000 mkononi, wanaotaka kuweka matangi mawili ya kuvunia maji ya mvua katika shule ya msingi kwenye vijiji vinavyopakana na kambi ya Nyarugusu, upande wa Makere. Shule na chama ni vya mfano, na bei zote ni za mfano pia. Ukienda sokoni weka bei zako. Hesabu yenyewe haitabadilika.

Kwa nini Nyarugusu

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Kwa karibu miaka ishirini ilikuwa ya Wakongo zaidi. Kuanzia Aprili 2015 Warundi wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu, na kabla mwaka haujaisha kambi ilikuwa na watu zaidi ya laki moja na nusu. Ikabidi kambi ya Nduta, Kibondo, ifunguliwe upya mwaka huo huo, na Mtendeli, Kakonko, ifuate Januari 2016. Watoto walisoma chini ya miti. Mei 2015, kabla hata ya wengi kufika Nyarugusu, kipindupindu kilikuwa kimezuka kati ya watu waliosongamana Kagunga, kando ya ziwa.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, maji ya kunawa mikono si pambo katika eneo hili. La pili, ukubwa wa mahitaji unaweza kumvunja moyo mtu mwenye milioni nne. Ndiyo maana mradi mdogo lazima uchague kitu kimoja chembamba na ukifanye mpaka mwisho. Mashirika makubwa yana bajeti za kushughulikia mengine.

Hatua ya 1: Anza na hitaji, kitu kitafuata

Wengi tunaanza na kitu: “tununue simtanki.” Sasa hapo tayari umeshakosea njia. Anza na sentensi inayosema nani atapata nini, kiasi gani, lini. Kisha pima kama kitu unachotaka kununua kinaweza kuitimiza.

Tuseme shule ina wanafunzi 600. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vinataja lita 3 kwa mwanafunzi kwa siku shuleni kwa ajili ya kunywa na kunawa mikono. Wanafunzi 600 mara lita 3 ni lita 1,800 kwa siku. Kwa mwezi wenye siku 20 za masomo ni lita 36,000.

Sasa tuangalie paa. Jengo lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 160. Kanuni ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, paa linapokea lita 3,200. Lakini yote hayafiki kwenye tangi: mengine huruka nje ya gata, mengine huvukia, na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yanatakiwa kumwagwa. Ondoa moja ya tano. Zinabaki lita 2,560. Tukichukulia mwezi wa mvua wenye milimita 120, tunavuna lita 15,360.

Linganisha: tunahitaji 36,000, tunavuna 15,360. Na matangi mawili ya lita 5,000 yakijaa pomoni yanabeba lita 10,000 tu, yaani siku tano na nusu za matumizi. Kwa hiyo chama kikiandika kwenye barua kwamba “mradi utamaliza tatizo la maji shuleni,” kimeandika uongo kabla hata ya kununua koki.

Je, tuache? Hapana. Tubadilishe sentensi. Tukisema maji ni ya kunawa mikono tu, nusu lita kwa mwanafunzi kwa siku, mahitaji yanashuka hadi lita 300 kwa siku, au 6,000 kwa mwezi. Mvua ya mwezi mmoja inatosha na kusaza. Na matangi yakiwa yamejaa mvua zinapokata, lita 10,000 gawanya kwa 300 ni siku 33 za masomo ndani ya kiangazi. Hilo ni lengo la kweli, linapimika, na linafaa kwa mazingira yale.

Sentensi yetu ya mradi sasa inasomeka hivi: *Kuanzia Oktoba, wanafunzi 600 watakuwa na maji ya kunawa mikono karibu na vyoo, nusu lita kila mmoja kwa siku ya masomo, katika msimu wote wa mvua na wiki sita za mwanzo za kiangazi.* Wiki sita ni siku 30 za masomo, kwa hiyo tumebakiza siku tatu za akiba. Kila kitakachonunuliwa kitapimwa kwa sentensi hii.

Hatua ya 2: Ruhusa, na mali ni ya nani

Shule ya serikali iko chini ya halmashauri. Unapopeleka kitu cha kudumu unaongeza mali ya umma, na mali hiyo inatakiwa kuingizwa kwenye daftari la mali la shule. Kwa hiyo barua ya kwanza inakwenda kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata, na kupitia kwao halmashauri ya wilaya ipate taarifa. Kamati ya shule ikae, iridhie, na iandike muhtasari. Bila muhtasari huo, siku mwalimu mkuu akihamishwa mradi unabaki yatima.

Kama mnafikiria kufanya mradi ndani ya kambi yenyewe, hesabu hubadilika. Kambi haiingiwi kiholela. Inahitajika kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kupitia idara inayohudumia wakimbizi, na kazi lazima iratibiwe na UNHCR pamoja na shirika linalosimamia sekta husika. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, na lazima ionekane kwenye kalenda.

Nyarugusu inatupa mfano wa kwa nini ruhusa ni sehemu ya mpango. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa wakimbizi wapatao 10,000 wa kambi hiyo fedha taslimu badala ya mgawo wa chakula, ili wajinunulie wenyewe. Mpango ukapanuka kufikia maelfu zaidi. Mwaka 2017 serikali ikausimamisha, na watu wakarudi kwenye mgawo wa chakula. Hapa hatujadili nani alikuwa na haki. Tunachojifunza ni kwamba hata shirika kubwa lenye wataalamu na fedha linaweza kusimamishiwa mradi kwa uamuzi ulio nje ya mikono yake. Kwenye mpango wako andika orodha fupi ya mambo unayoyategemea lakini huyaamui wewe: kibali, barabara, mchango wa wazazi, mvua. Mbele ya kila moja andika utafanya nini lisipotimia. Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya 3: Orodha kamili ya vitu

Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli huko Papenburg, wakaifungua vipandevipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, wakaisafirisha kwa bahari mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli iliyokuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma mwaka 1914. Ikaunganishwa upya ufukweni na kushushwa majini 1915. Ilikuwa ikiitwa Graf von Götzen. Leo tunaiita Liemba, na mwaka 2015 ndiyo iliyowabeba Warundi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma. Hebu fikiria sanduku moja tu la ribiti lingesahaulika Ujerumani. Hakuna duka la vipuri Ujiji.

Mradi wetu hauna masanduku 5,000, lakini kanuni ni ile ile: kitu kidogo kilichosahaulika husimamisha kikubwa kilichonunuliwa. Namna ya kutengeneza orodha ni kufuata safari ya maji. Tone linaanguka kwenye bati, linaingia kwenye gata (ziko ngapi? mita 20 kila upande, jumla mita 40), gata inashikwa na vishikio, maji yanashuka kwa bomba, yanapita kwenye neti ya kuchuja, yanaingia tangini, tangi limekaa juu ya msingi, maji yanatoka kwa koki, yanamwagikia kwenye mfereji wa kuyaondoa ili pasiwe na tope. Kila neno katika sentensi hiyo ni mstari wa orodha.

Usisahau uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Ukiliweka juu ya udongo mtupu au matofali mabichi litainama, na likishainama litapasuka kwenye maungio.

Mbele ya kila kitu andika sifa zake kwa maneno ambayo muuzaji hawezi kuyapindisha: ujazo, rangi, alama ya ubora ya TBS, muda wa dhamana, kipenyo cha bomba. Ukiandika “tangi kubwa zuri” utaletewa tangi ambalo muuzaji analiona kubwa na zuri.

Hatua ya 4: Nukuu za bei, na bei iliyofika

Chukua nukuu tatu au zaidi, kwa maandishi, kwa orodha ile ile. Nukuu zinazotofautiana sifa hazilinganishiki. Uliza pia kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Watu wengi wamevutiwa na bei ya chini na kuongezewa hiyo asilimia 18 wakati wa kulipa.

Sasa swali ambalo kila mwanachuo anayesoma Dar huuliza: kwa nini tusinunue Kariakoo, si ni bei chee? Tufanye hesabu.

Kutoka Dar: matangi 2 kwa sh. 850,000 ni 1,700,000. Usafiri mpaka Kasulu 500,000. Kupakia na kushusha 60,000. Jumla 2,260,000, na bado halijafika shuleni.

Kutoka Kasulu mjini: matangi 2 kwa sh. 1,050,000 ni 2,100,000. Usafiri mpaka shuleni pamoja na kupakia na kushusha 100,000. Jumla 2,200,000, likiwa limefika.

Kasulu ni ghali kwa laki mbili kila tangi, lakini mwisho wa hesabu ni nafuu. Isitoshe, tangi likifika na ufa unalirudisha siku hiyo hiyo. Kutoka Dar mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ufa huo utakuwa wako. Bei unayolinganisha ni bei ya kitu kikiwa kimefika, kimefungwa na kinafanya kazi. Bei ya dukani ni mwanzo tu wa hesabu.

Hatua ya 5: Bajeti

Hii hapa bajeti ya kwanza ya chama chetu, kwa shilingi:

1. Matangi 2 × 1,050,000 = 2,100,000
2. Usafiri, kupakia na kushusha = 100,000
3. Misingi 2 × 260,000 = 520,000
4. Gata mita 40 × 12,000 = 480,000
5. Vishikio na mabomba ya kushushia = 180,000
6. Koki, viungio na neti = 80,000
7. Fundi siku 4 × 35,000 = 140,000
8. Wasaidizi 2 × siku 4 × 15,000 = 120,000
9. Safari za ufuatiliaji, mawasiliano na makato ya kutuma fedha = 120,000

Jumla ndogo: 3,840,000. Dharura asilimia 10: 384,000. Jumla kuu: 4,224,000.

Mkononi tuna 4,000,000. Tumepungukiwa 224,000. Hapa ndipo vyama vingi hufanya kitu cha hatari: vinafuta mstari wa dharura, na bajeti “inakaa sawa.” Imekaa sawa kwenye karatasi tu. Dharura si fedha ya ziada. Ni makadirio ya mambo ambayo bado huyajui. Ukiifuta, mambo hayo hayafutiki.

Njia salama ni kupunguza kazi, kuongeza mapato, au kubadili namna ya kupata kitu. Katika misingi, mawe, mchanga na matofali vina thamani ya sh. 240,000 kati ya 520,000. Wazazi wanaweza kuvichangia kwa nguvu zao, kama ilivyo desturi ya ujenzi wa shule vijijini. Misingi inabaki 280,000, yaani 140,000 kila mmoja. Jumla ndogo inakuwa 3,600,000, dharura 360,000, jumla kuu 3,960,000. Tumebakiwa na 40,000.

Lakini angalia: mchango wa wazazi sasa ni mstari wa bajeti kama mingine. Una kiasi (tripu ngapi za mchanga), tarehe, na mtu wa kuuliza. Kama haukupitishwa kwenye mkutano wa kijiji na kuandikwa, usiuhesabu. Na usisahau kwamba wakulima wana msimu wao. Kuwaita kubeba mawe siku wanazoandaa mashamba ni kujitafutia kukosa.

Hatua ya 6: Kalenda ya kurudi nyuma

Kigoma mvua huanza kama Oktoba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Mfumo lazima uwe umekamilika mwisho wa Septemba. Kwa hiyo tunapanga kutoka mwisho kuja mwanzo.

Septemba wiki ya nne: makabidhiano. Wiki ya tatu: jaribio la kumwaga maji. Wiki ya pili: gata na mabomba. Wiki ya kwanza: matangi yanafika, misingi yote miwili ikiwa tayari. Agosti wiki ya nne: msingi unaachwa ukomae huku ukimwagiliwa. Wiki ya pili na ya tatu: mawe yanaletwa, misingi inajengwa. Wiki ya kwanza: kulinganisha nukuu na kuchagua. Julai yote: vipimo, barua, ruhusa na kukusanya nukuu.

Ukiisoma kwa kurudi nyuma unaona kitu ambacho ukisoma mbele hukioni: barua ya ruhusa ikichelewa wiki tatu, hakuna wiki za kufidia. Mvua hazisubiri muhtasari wa kikao.

Hatua ya 7: Kununua

Gawanya kazi kwa watu watatu tofauti. Anayechagua muuzaji asiwe anayepokea mzigo, na anayepokea mzigo asiwe anayelipa. Mgawanyo huu ndio unaoziba mlango wa cha juu, hata kati ya marafiki. Utaratibu wa serikali nao umejengwa juu ya wazo hilo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011, na mfumo wa kielektroniki wa NeST vinahusu taasisi za umma, si chama chenu. Lakini misingi yake ya ushindani, uwazi na thamani ya fedha haina ukubwa wa mradi.

Malipo yafuate kazi. Matangi lipia yakishashushwa na kukaguliwa. Fundi usimlipe zote mbele: sehemu akianza, sehemu gata zikishafungwa, na asilimia 30 ibaki mpaka jaribio lifanyike. Jaribio ni kumwaga ndoo kadhaa za maji juu ya bati, kuangalia kama zinafika tangini, kisha kuacha maji tangini saa 24 na kutazama kama kuna unyevu chini.

Kila malipo yawe na risiti, ya mashine ya EFD pale muuzaji anapotakiwa kuwa nayo. Kwa mchanga wa mkokoteni au kibarua wa siku, tengeneza hati ya malipo yenye jina, kazi, kiasi, tarehe na sahihi. Piga picha siku hiyo hiyo. Karatasi hupotea njiani Kasulu kabla hujarudi chuo.

Mzigo ukifika, wapokeaji wahesabu kwa orodha, si kwa macho. Andika kilichofika, kilichokosekana na kilichoharibika, kisha dereva asaini. Dereva akishaondoka, ufa uliopo ni wa kwenu.

Hatua ya 8: Ufuatiliaji

Wengi wanadhani kufuatilia ni kuuliza “tumetumia shilingi ngapi?” Swali hilo peke yake linadanganya. Tuone.

Mwisho wa wiki ya kwanza ya Septemba, mpango ulisema tutakuwa tumetumia 2,480,000: matangi 2,100,000, usafiri 100,000, misingi miwili 280,000. Mweka hazina anatoa taarifa kwenye grupu: tumetumia 2,460,000. Watu wanapiga makofi, tumeokoa 20,000!

Sasa fungua taarifa. Matangi 2,100,000, sawa. Usafiri 150,000, kwa sababu lori halikuweza kuingia mpaka shuleni na ikabidi kukodi trekta. Msingi 210,000. Lakini ni msingi mmoja tu uliokamilika. Wazazi walileta nusu ya mawe na matofali, ikabidi kununua mengine. Msingi uliopangwa kugharimu 140,000 umegharimu 210,000, na wa pili bado haujaanza.

Ukitabiri kwa mwenendo huo, misingi itafika 420,000, zaidi ya bajeti kwa 140,000. Ongeza 50,000 za usafiri. Mradi haujaokoa 20,000. Unaelekea kuzidi kwa 190,000 na umechelewa wiki moja au mbili. Dharura ya 360,000 itabaki 170,000. Bado tuko salama, lakini kwa sababu mstari wa dharura haukufutwa, na kwa sababu tumegundua mapema. Kuna nafasi ya kurudi kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza mawe yaliyobaki, kabla ya kununua mengine.

Kwa hiyo taarifa ya kila wiki iwe na safu tano kwa kila mstari wa bajeti: iliyopangwa, iliyotumika, kazi iliyokamilika, makadirio mpaka mwisho, na sababu ya tofauti. Daftari la kawaida linatosha kabisa. Cha lazima ni safu ya tatu, na ijazwe na mtu aliyesimama shuleni akaona, si aliyepigiwa simu.

Nchi yetu iliwahi kulipia somo hili kwa bei kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, baadaye pia Nachingwea na Urambo, huko huko Magharibi yetu. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni tatu kwa pauni milioni 25. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya jeshi baada ya Vita vya Pili, yakaharibika kwa ardhi ngumu na mizizi. Kiasi cha ardhi iliyosafishwa kilikuwa sehemu ndogo mno ya mpango, huku fedha zikiendelea kutoka. Mradi ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umekula kama pauni milioni 36. Fedha zilihesabiwa kila mwaka. Lakini kuzilinganisha na ekari zilizokuwa tayari, na kuuamini ukweli huo mapema, ndiko kulikochelewa.

Baada ya makabidhiano

Mkanda ukishakatwa na picha kupigwa, mradi wa ununuzi umekwisha lakini lengo bado halijatimia. Lengo lilikuwa watoto kunawa mikono. Kabla ya kuondoka, kubalianeni na shule mambo matatu: nani anafungua na kufunga koki, nani anasafisha gata kabla ya mvua za kwanza, na koki ikivunjika fedha ya kununua nyingine inatoka wapi. Zile 40,000 zilizobaki, pamoja na dharura isiyotumika, zinaweza kuwa mfuko wa matengenezo, zikabidhiwe kwa maandishi kwa kamati ya shule.

Halafu mtu mmoja wa chama apite Novemba, na mwingine Juni. Aulize maswali mawili tu: maji yapo tangini? Watoto wanayatumia? Majibu hayo ndiyo taarifa ya mwisho ya mradi. Yasomwe mbele ya waliochanga buku tano tano zao, hata kama hayapendezi.

Maswali ya kujipima

1. Shule ina wanafunzi 450 na paa la mita 15 kwa 8. Kwa mvua ya milimita 120 kwa mwezi na upotevu wa moja ya tano, je, maji yatatosha kunawa mikono kwa nusu lita kwa mwanafunzi kwa siku 20? Je, kwa lita 3?
2. Muuzaji anataka kulipwa matangi yote kabla ya kuyapeleka, kwa punguzo la sh. 100,000. Mtakubali? Andika hatari moja na namna ya kuipunguza.
3. Chukua mradi wowote ambao chama chenu kimewahi kufanya. Andika upya lengo lake kwa sentensi moja yenye nani, nini, kiasi gani na lini. Kisha ulizeni: tulilipima?
4. Katika mfano wetu, mvua zimewahi na kuanza wiki ya tatu ya Septemba huku msingi wa pili haujakomaa. Mtafunga tangi moja kwanza au mtasubiri yote mawili? Toa sababu kwa hesabu.